Wageni wa Mkono Mwema

Kitengela,
Februari 11, 2001

Kwa ndugu yangu Kamene, mama Ouma,

Salamu zangu zikukute bado unapumua huko Magadi, maana nasikia joto ya mwaka huu inakausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Huku kwetu ni vumbi tu, lakini tuko. Mwaitu alituma habari kutoka Kibwezi na yule dereva wa lori ya mahindi. Goti ya mama yetu bado inamsumbua lakini mdomo haina shida, anagombana na majirani vizuri. Ouma amefika darasa gani? Mwambie mama yake mkubwa anamuuliza.

Kavutha anakusalimu sana. Alipotoka kwako Krismasi alikaa vizuri, halafu mwezi uliopita akaanguka karibu na jiko. Mkono wa kushoto uliungua kutoka kwa kiwiko kushuka. Inapona. Watu wa kanisa niliwaambia ni maji moto, kwa sababu unajua mtu akisikia neno kifafa anavuta kiti nyuma.

Sasa nikuambie kitu inanikosesha usingizi. Mimi niko shamba ya maua kule Isinya, naondoka asubuhi narudi jua likizama, na siku hizo zote Kavutha anaangaliwa na Mama Naisiae, yule mama wa Kimaasai wa mlango wa pili. Ni yeye anajua kumlaza ubavu na kumfungulia nguo kwa shingo, na hamwogopi. Mama Naisiae anarudi kwa ng'ombe za bwana yake huko Mashuru. Na msimamizi wetu Isinya ameshasema nikikosa tena kwa sababu ya mtoto, nikae na huyo mtoto kabisa. Kavutha ni msichana wa miaka kumi na nane. Siwezi kumfungia na kufuli kama mbuzi ndio niende kukata maua ya watu.

Lakini kanisani walitangaza kuna watu wa Kajiado wanaitwa Mradi wa Mkono Mwema. Wanasaidia wale wako na ugonjwa haiishi. Wananunua dawa, na ile ilinifurahisha, wanalipa mtu wa kukaa na mgonjwa mwenye nyumba akienda kazi. Si hiyo tu ndio nalilia? Niliandikisha. Wakasema watakuja kuona nyumba. Wageni wa ofisi, Kamene, kwa hii chumba yangu. Nimeanza kufagia leo.

Na kabla wajibu, nauliza wewe. Uko na nyumba ya kampuni, iko na vyumba. Ungekaa na Kavutha mpaka Pasaka tu? Anaosha vyombo, anapika mtu akiwa karibu, hana maneno mengi. Niambie ndio ama hapana, sitakasirika.

Dada yako,
Mbithe


Magadi,
Machi 4, 2001

Dada Mbithe,

Nimepokea barua yako na tunakushukuru kwa kutukumbuka. Joto la hapa usiliulize. Jana mama mmoja wa jirani alisema anataka kuhamia ndani ya friji, na hakuna aliyecheka, kila mtu alikuwa anafikiria friji ya nani. Ouma yuko darasa la tano na amejifunza kujibu. Mama mkwe wangu, mama yake Oyoo, bado yuko nasi, tangu Novemba alipotoka Siaya. Amechukua kitanda cha watoto na kiti cha karibu na dirisha, na ananifundisha kupika ugali, mimi ambaye nimepika ugali miaka yote hii.

Pole kwa mkono wa Kavutha. Mpake asali usiku.

Kuhusu hao wageni, dada, nakujua. Nakuomba usipike. Usifagie sana. Hao hawaji kula Krismasi, wanakuja kuona shida, na shida ukiificha nyuma ya pazia watarudi Kajiado waseme hawakuiona. Vile vitambaa vya kochi nilikushonea, vitoe uweke chini ya godoro. Kavutha akae na nguo za kila siku. Wakiuliza kitu, jibu hicho walichouliza, usiwaeleze ukoo.

Mengine tutaongea tukionana.

Ni mimi,
Kamene


Kitengela,
Machi 25, 2001

Mama Ouma,

Natumaini mko wazima na Mama Oyoo amepunguza masomo ya ugali. Huku Mama Naisiae ameondoka. Alikuja kutuaga na kibuyu ya maziwa, akamshika Kavutha kichwa, akasema maneno ya Kimaasai marefu, sikuelewa lakini nililia. Sasa Kavutha anashinda kwa Achola, yule wa kuuza mboga barabarani. Achola ana watu wa kuuzia, hawezi kuangalia huku na huku.

Barua yako ilinipata wageni wameshakula na kuondoka.

Nisikudanganye. Niliosha hiyo nyumba mpaka simiti ikabadilika rangi. Vitambaa vyako niliviloweka na kuvipiga pasi, nikaazima vikombe kwa mama mchungaji na ile chupa ya chai yenye maua. Nilichinja ile jogoo nyekundu. Sasa Kamene, wewe mwenyewe, watu watoke Kajiado na gari, wafike kwako, uwape nini? Uwaangalie? Mwaitu angesikia wageni wamekaa kwangu midomo mikavu angekuja hapa na hiyo goti yake.

Walikuwa wawili. Mkubwa wao anaitwa Bwana Githongo, mtu mnene ana sauti ya kutangaza mazishi. Mwingine ni dada wa kuandika. Kavutha alikuwa amevaa rinda ya binti ya mchungaji, ya mikono mirefu, maana sikutaka wageni waone kidonda wakati wa kula. Akawapitishia maji ya kunawa. Githongo ananawa tu, anaangalia kochi, anaangalia ukuta, anasema, "Mama, kwako ni pazuri kuliko kwangu." Sisi wote tukacheka. Halafu anauliza, "Na mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia ndiye huyo anakunawisha.

Akacheka tena, ati nafanya mzaha. "Huyu? Huyu ni wa kuolewa." Kavutha akaangalia chini. Nikaanza kueleza vile anaanguka, lakini chakula ilikuwa inapoa, na nikaona haya kuongea mambo ya mate na kukojoa watu wakitafuna. Nikasema nitaeleza baadaye. Firigisi nilimpa yeye. Alikula, akashukuru Mungu kwa sala ndefu, akaangalia saa, wakaenda. Baadaye haikuwako.

Jumapili iliyopita majibu ililetwa kanisani. Ati tumeonekana familia inajiweza.

Kamene, nimefikiria nikaona ile jogoo ndio ilitushtaki. Ningejua ningewapa maji ya moto na majani chai ya juzi.

Ile swali yangu ya Februari hukuona? Ama karatasi ilipasuka hapo?

Mbithe


Magadi,
Aprili 20, 2001

Dada,

Salamu za Pasaka zimechelewa, zipokee hivyo hivyo. Oyoo amepewa zamu ya usiku na anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyesahau kitu. Ouma alipigwa na mpira usoni, jino halikutoka.

Nilisoma barua yako nikicheka mpaka Mama Oyoo akauliza nimeshinda nini. Nikarudia kuisoma sikucheka. Mtoto ameungua mkono na wewe unaufunika kama keki ya arusi. Umesimama hapo na ushahidi wote wa dunia ndani ya mkono wa rinda la binti ya mchungaji, na unaona haya kwa sababu mtu mnene anatafuna. Alikuja kutafuna? Kama alikuja kutafuna basi mradi wake unaitwa Mdomo Mwema.

Na yeye pia. Mtu anatumwa kuangalia wagonjwa, anaangalia vitambaa. Nilivishona mimi, kwa uzi wa kubakiza, jioni nikingoja Oyoo. Angeniuliza ningemwambia havitibu kifafa.

Sasa sikiliza. Enda Kajiado, ofisini kwao. Usingoje watangaze kanisani. Enda na Kavutha, avae nguo ya mikono mifupi na viatu vyake vya nyumbani. Ukifika usiseme asante kabla hujapewa kitu, wewe una hiyo tabia. Na usibebe chochote. Hata maembe usibebe.

Mvua ya hapa ilinyesha mara moja ikajuta.

Kamene


Kitengela,
Juni 17, 2001

Mama Ouma,

Nimekaa bila kuandika kwa sababu sikuwa na kitu nzuri ya kusema na nilidhani itakuja. Haikuja. Mwaitu ni mzima. Mimi ni mzima. Kazi ya Isinya imekwisha. Kavutha alianguka kwa Achola akamwaga nyanya zote barabarani, nikaitwa, nikakaa nyumbani siku hiyo na ile inafuata, nikarudi shamba nikakuta mtu mwingine amevaa aproni yangu. Sasa nafulia watu nguo huku kwa nyumba mpya. Kavutha namkalisha karibu na beseni. Wengine wakimwona akianguka wananilipa vizuri na hawaniiti tena.

Kajiado nilienda vile uliniambia. Mikono mifupi. Sikubeba maembe.

Tulikalishwa kwa benchi nje ya mlango tangu asubuhi, tukiwa na mzee mmoja wa sukari na mama wa mtoto wa moyo. Kila mtu anaulizwa jina, anaambiwa ngoja. Saa ya chai ilipita, tukaona chai ikiingia na mandazi, tukaona vikombe vikitoka. Nikasema moyoni, hawa watu kila mahali wananyweshwa.

Mwishowe tukaingia. Githongo hakunikumbuka. Nikamwambia mimi ni yule wa jogoo nyekundu, hapo akakumbuka. Nikaanza kumweleza sasa vizuri, bila haya, vile inakuja, vile inamshika, na huu mkono, angalia. Akasema, "Mama, haya mambo ya kuungua hata mimi niliungua nikiwa mdogo." Akapandisha suruali anionyeshe mguu. Niliuona mguu wa Githongo, Kamene. Haukuwa na kitu.

Na hapo hapo Kavutha akanishika kidole, vile hufanya akisikia inakuja. Nikamshusha sakafuni, nikamgeuza ubavu, nikaweka leso chini ya kichwa. Wewe ungeona hiyo ofisi ikibaki tupu. Dada wa kuandika alitoka na kalamu kwa mkono. Githongo alirudi nyuma mpaka kabati, akabeba faili zake kifuani kama mtu nyumba yake inaungua, akawa anasema, "Usimguse, usimguse, itakuruka." Mimi mama yake. Mzee wa sukari ndiye alisimama mlangoni akafukuza watu wa kuchungulia.

Ilipoisha nikamfuta mdomo, nikamkalisha. Nikamwambia Githongo sasa umeona. Sikupiga kelele. Akasema, "Mama, huyu ni mgonjwa sana. Mradi wetu ni wa wale wako afadhali kidogo. Huyu mtafutie mahali wanawekwa."

Machi alikuwa wa kuolewa. Juni ni wa kuwekwa. Nilimuuliza ni mwezi gani katikati hapo mtoto wangu angewafaa, nimlete.

Kavutha aliuliza njiani, "Mama, wanawekwa wapi?" Nikamwambia huyo mtu ana wazimu.

Sasa nakuuliza mara ya tatu na sitauliza ya nne. Umchukue hata mwezi mmoja nitafute kazi ya maana. Na kama ni ile maneno ya kikombe cha bluu, sema tu. Kavutha aliniambia. Ati kwako Krismasi yeye alikuwa na kikombe chake, kikombe cha bluu, kinaoshwa peke yake na kinawekwa peke yake dirishani. Aliniambia akifurahi, alidhani ni zawadi.

Mbithe


Magadi,
Agosti 30, 2001

Dada Mbithe,

Tumekuwa na wageni, tumekuwa na homa, na Oyoo alisafiri. Ndiyo sababu.

Hayo maneno ya kikombe sijui unamaanisha nini. Nyumba hii ina vikombe vingi.

Nimekufanyia kitu kimoja. Nilitafuta anwani ya wakubwa wa Mkono Mwema, wale wa Nairobi, nikawaandikia. Niliandika kwa adabu, na mwalimu wa Ouma akanisahihisha. Nimewaeleza kwamba kuna msichana Kitengela hawezi kuachwa peke yake, hawezi kwenda mbali bila mtu, na mama yake amepoteza kazi kwa kumwangalia, na watu wao wa Kajiado walikula kuku wakasema anajiweza, halafu wakamwona akianguka wakasema amezidi. Nimeuliza hivyo viwango vinapimwa na nini. Nimeomba mtu wa kukaa naye siku za kazi, basi.

Wamejibu kwamba wamepokea na wanashughulikia. Karatasi yao ni nzito na nzuri, ina mchoro wa mkono.

Msalimie Kavutha.

Kamene


Kitengela,
Oktoba 21, 2001

Kamene,

Hatujambo. Mwaitu hajambo. Natumaini homa imetoka kwenu.

Hiyo barua yako ilifanya kazi. Kaa chini nikuambie ilifanya kazi gani.

Wiki iliyopita mchungaji aliniita, ati Nairobi wameamua, Kavutha amepita, wanakuja kumpa msaada mbele ya kanisa. Nilipiga magoti hapo kwa ofisi yake. Nilienda nikamwambia Achola sasa tumepata mtu wa kukaa na Kavutha, Achola akaacha wateja akapiga vigelegele. Hata niliwaza huyo mtu atakuwa nani, kama ni mama wa makamo ama msichana, na kama atapenda chai ya maziwa. Niliosha kikombe chake.

Jumapili gari ikaja. Githongo akashuka na suti. Dada wa kuandika akashuka na kamera. Nikaangalia nyuma yao nione huyo mtu anashuka. Wakashusha kiti cha magurudumu.

Kipya, kimefungwa na nailoni, kinang'aa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikageuka nione ni nani hawezi kutembea. Githongo anasema kwa ile sauti yake ya mazishi, "Kavutha binti yetu, njoo." Na Kavutha, kwa sababu nimemlea na heshima, akainuka kutoka kwa benchi ya nyuma, akatembea na miguu yake yote miwili mpaka mbele, watu wote wakiona, akasimama.

"Kaa," Githongo akamwambia.

"Sijachoka," Kavutha akasema.

Watoto wakacheka, watu wazima wakakohoa. Nikamwendea Githongo nikamwambia kwa sikio, Bwana Githongo, huyu anatembea, ni kichwa kinamwangusha. Akanijibu kwa sikio vilevile, "Mama, wafadhili wameleta viti. Barua ilisema hawezi kwenda mbali. Usiniaibishe."

Nisimwaibishe yeye.

Wakamkalisha. Dada wa kamera akamwambia apandishe mkono wa sweta ndio kovu lionekane. Machi nilificha huo mkono na wakasema hawaoni shida. Juni nikauonyesha akanionyesha mguu wake. Sasa wanautaka, lakini kwa picha. Hapo ndipo nilikataa. Niliushusha ule mkono wa sweta mimi mwenyewe, nikaushikilia. Picha ilitoka na mimi nimemshika mtoto mkono na nimekunja uso, na Githongo anacheka.

Kiti kiko hapa. Kimejaza chumba, tunapita na ubavu. Bado nafulia watu. Juzi nimemwacha Kavutha peke yake kwa mara ya kwanza, saa ya kwenda dukani tu, na nilirudi nikikimbia.

Hukuandika vibaya. Uliandika vizuri sana. Waliosoma ndio wenye magurudumu.

Mbithe


Magadi,
Novemba 11, 2001

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Tuko wazima.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Oyoo pia nilimsomea, akasema hao wakipewa kesi ya jino wataleta miwani. Niliwaandikia tena Nairobi, safari hii bila mwalimu. Niliwauliza kiti kitamgeuza ubavu? Kitamshika asiangukie jiko? Hawajajibu, hata ile karatasi nzito hawajatuma.

Kiuze. Au kirudishe ukiachie mlangoni kwa Githongo, ajue kupita na ubavu.

Mama Oyoo amerudi Siaya tangu mwezi uliopita. Alikuwa na mawazo yake, na nyumba ikiwa na mama mkwe wewe unajua nani anapanga kabati. Vikombe nimevichanganya vyote sasa, sijui tena kipi kilikuwa cha nani.

Ouma anafunga shule mwisho wa mwezi. Nilikuwa nafikiria kuja. Sijui kama kuna mahali pa kulala hapo, na hicho kiti.

Kamene


Kitengela,
Desemba 16, 2001

Mama Ouma, mwana wa mwaitu,

Salamu zako nimepokea na zile hukuandika pia. Mwaitu anasema Krismasi hii anataka kuona watu, si kutumiwa salamu na lori. Kavutha ameanguka mara moja tu tangu nikuandikie, na tulikuwa pamoja.

Kiti sikuuza. Kumbe nilikuwa nimekosea kukiangalia.

Unajua maji ya huku. Huu upande wetu mfereji unakohoa hewa, na kisima cha kununua kiko kule chini karibu na barabara ya Namanga. Watu wa punda wanauza kwa bei ya kiburi. Siku moja mgongo uliniuma, nikaangalia mtungi, nikaangalia kiti. Nikaweka mtungi mmoja pale pa kukalia, mwingine pale pa miguu, nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamene, hicho kitu kinateleza. Watu walitengeneza hayo magurudumu wanajua kazi yao, tatizo lao ni wanaoyagawa.

Jirani akaona, akaniambia nimletee mmoja. Kesho yake wakawa wengi. Sasa niko na pipa nyuma ya mlango na mitungi ukutani, na watu wanakuja wenyewe. Asubuhi tunashuka kisimani mimi na Kavutha, mimi nasukuma, yeye ameshika upande. Siku akishikwa njiani namlaza kwa majani, ikiisha namwaga mtungi mmoja namkalisha, tunarudi hivyo. Kwa hivyo kuna siku hata kiti kinafanya ile kazi kiliandikiwa. Saa zingine zote niko hapa mlangoni. Yeye anapokea wateja, mimi namwona. Hakuna mtu nimeomba aniangalizie.

Sasa juzi nani akaja? Githongo, dada wa kuandika, na mgeni mmoja mrefu wa Nairobi, ati wanafuatilia viti. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Walinikuta ndio nafika, kiti kimebeba mitungi, tairi zina matope, Kavutha anakuja nyuma akiimba.

Githongo akaweka mikono kiunoni mbele ya mkubwa wake. "Mama, hiki ni kiti cha mgonjwa. Wewe umefanya mkokoteni."

Nikamwambia mgonjwa ndiye huyo, muulize yeye.

Yule mrefu akamuuliza Kavutha kwa upole mbona hakalii kiti chake. Kavutha akamwangalia kama mtu ameuliza mbona kuku hasomi gazeti. Akasema, "Mimi natembea. Huwa naanguka." Basi, maneno mawili hivyo. Yule mrefu akamgeukia Githongo, akamwangalia muda mrefu, na Githongo akapata kazi ya kufungua kifungo cha shati. Sijui mrefu alielewa nini, na siku hizi sikai nikingojea watu waelewe. Aliandika kitu. Wote huandika kitu.

Walikaa hapo kwa kivuli cha mlango. Chumba nilikuwa nimekifagia kwa sababu mimi ni mtu wa kufagia, na vitambaa vyako viko kwa kochi, sivitoi tena kwa ajili ya mtu. Jogoo mpya alipita mbele yao polepole, akawaangalia, akaenda zake. Hawakuambiwa kitu.

Joto ikawazidi. Githongo akaangalia mitungi, akalamba midomo, akasema kwa ile sauti yake, lakini sasa ilikuwa ndogo, "Mama, tunaomba maji ya kunywa."

Nilisikia mwaitu kwa kichwa yangu akiniita jina. Nilimsikia kabisa. Nikachukua vikombe, nikavisuuza, nikavipanga.

"Maji yapo," nikamwambia. "Hapa tunauza."

Akapapasa mfuko. Kavutha ndiye alipokea, akahesabu, akasema asante na akawapimia vizuri mpaka juu, hakuwaibia hata tone.

Sasa wewe. Ukija, kiti kinalala nje na mnyororo, kwa hivyo kuna pa kulala. Njoo na Ouma. Vikombe vyangu ni vile vitatu vyeupe na tunakunywa tukingojana, atakayemaliza anampa mwingine. Hatuoshi katikati.

Wewe sitakuuzia.

Mbithe